Kamba, kikokotoo au kompyuta: njia ipi uichague kutafuta tarakimu za pai

Mwalimu wa klabu ya hisabati kule Chamwino anayetafuta cha kufanya na wanafunzi 60 siku ya pai, Machi 14, hahitaji njia ileile na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetaka kompyuta yake imtolee tarakimu milioni moja. Njia za kuipata pai, yaani mzingo wa duara gawanya kwa kipenyo chake, ni nyingi, na zote tutakazozitaja hapa ni sahihi kihisabati. Zinachopishana ni bei ya tarakimu moja. Iko njia ambayo tarakimu ya tatu inakudai urushe punje maelfu kwa maelfu, na iko ambayo kila hatua inakupa tarakimu 14 kwa mkupuo.

Kwa hiyo jibu kwanza maswali mawili. Unataka tarakimu ngapi? Na utajuaje kwamba hizo ulizopata ndizo zenyewe? Swali la pili wengi huliruka, na kwetu ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu tarakimu mbovu haina harufu: inakaa kwenye mstari pamoja na wenzake na inafanana nao kabisa.

Kama unataka pai ya kutumia tu

Basi usikokotoe chochote. Kwenye tanki la maji la lita 5,000, ukitumia 22/7 utajizidishia lita 2 hivi, na ukitumia 3.14 utajipunja lita 2 na nusu. Wanaobishana ipi ni bora wajue kwamba 22/7 iko karibu zaidi, ingawa kwa kiduchu. Sehemu iliyo bora kuliko zote mbili ni 355/113, aliyoiacha Zu Chongzhi wa China katika karne ya 5. Kuikumbuka ni rahisi: andika 113355, ikate katikati, kisha gawanya nusu ya pili kwa nusu ya kwanza. Inatoa 3.1415929, na kwenye tanki lilelile kosa lake halifiki hata nusu mililita.

Desimali 10 zinatosha kazi yoyote ya duniani. Chukua duara lenye kitovu Dodoma mjini na linalopita Dar es Salaam, yaani nusu kipenyo cha kilomita kama 400 kwa mstari ulionyooka. Kwa 3.1415926535, kosa kwenye mzingo wote wa duara hilo halifiki sehemu ya kumi ya milimita. Wataalamu wa NASA wanaoongoza vyombo kati ya sayari hutumia desimali 15. Anayetafuta ya 16 na kuendelea hapimi kitu tena: anajifunza hisabati, anaijaribu mashine yake, au anaipenda pai. Zote ni sababu halali, ila kila moja ina njia yake.

Kwa mikono: pipa, punje, vijiti

Kwa darasa, kupima pipa kunazishinda njia nyingine za mikono kwa mbali. Tembe la Kigogo lina pembe nne, halitusaidii hapa. Kinu cha kutwangia uwele kinafaa, lakini mdomo wake mara nyingi si duara kamili, kwa hiyo pima kipenyo pande tatu tofauti uchukue wastani. Pipa la chuma la lita 200 ndilo zuri zaidi.

Mzingo upime kwa futi ya chuma, au kwa waya wa kufungia nondo unaouzungusha, ukauwekea alama, halafu ukaunyoosha kando ya futi. Kamba ya katani inavutika, na futi ya kitambaa ya fundi cherehani ikichakaa hurefuka. Lakini kinachoharibu zaidi ni kipenyo. Mzingo ni mrefu zaidi ya mara tatu ya kipenyo, hivyo milimita moja iliyopotea kwenye kipenyo ina uzito zaidi ya mara tatu ya milimita moja iliyopotea kwenye mzingo. Kwenye pipa la kipenyo cha sm 57, milimita hiyo moja inaisogeza pai kwa 0.0055. Kwa hiyo usitafute kitovu kwa jicho. Sukuma pipa liguse ukuta, simamisha ubao upande wa pili uwe sambamba na ukuta, kisha pima nafasi iliyopo kati ya ukuta na ubao.

Kosa la kawaida ni kuchanganya sehemu mbili za pipa. Ukingo wa juu umekunjwa na mikanda ya kati imetokeza. Ukipima mzingo kwenye bati la tumbo na kipenyo kwenye ukingo, unagawanya duara moja kwa duara jingine. Kundi lililofanya hivyo linajulikana mara moja, kwani pai yao hushuka chini ya 3.1.

Gurudumu la baiskeli nalo linafaa, hasa mkiwa na korido ndefu ya saruji. Weka alama ya chaki kwenye tairi, lisukume mizunguko 10, pima urefu, gawanya kwa 10. Asipande mtu, maana tairi lenye mzigo linabonyea na mzunguko unakuwa mfupi. Mzingo utakaoupata hivyo ni mzuri kuliko wa waya; kipenyo ndicho kitakachokubakiza kwenye 3.14. Desimali ya tatu ikitokea sawa, ni bahati.

Njia ya punje ni hii: chora kwenye boksi mraba wa sm 40, ndani yake robo duara yenye kitovu kwenye kona moja na nusu kipenyo cha sm 40. Mwaga punje, hesabu zilizoangukia ndani ya robo duara, gawanya kwa zote zilizo kwenye mraba, zidisha kwa 4. Kosa unalolitarajia ni kama 1.64 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya punje. Punje 400 zinakupa kosa la 0.08. Punje 10,000, ambazo hakuna darasa litakalozihesabu kwa furaha, zinakupa 0.016. Ukitaka kosa lipungue mara 10, punje ziongezeke mara 100. Juu ya hapo mkono wa mtu haurushi sawasawa, hurundika katikati, na mtama hubiringika; mchele hautembei sana. Fanyieni ndani ya darasa, maana upepo wa Dodoma wa miezi ya kiangazi utawachagulia jibu.

Vijiti vya meno vinavyorushwa kwenye mistari iliyo sambamba, iliyopishana kwa urefu uleule wa kijiti, vina hesabu nzuri zaidi kuieleza: 2 gawanya kwa sehemu ya vijiti vilivyokata mstari ni pai. Ila usahihi wake ni duni zaidi. Ili ufikie kosa lilelile la punje unahitaji kurusha mara mbili ya idadi. Mwaka 1901 Lazzarini wa Italia alitangaza kwamba kwa kurusha sindano mara 3,408 alipata 3.1415929. Sindano yake ilikuwa ya sm 2.5, mistari ilipishana sm 3, na sindano 1,808 zilikata. Fanya hesabu: 2 × 2.5 × 3408, gawanya kwa 3 × 1808. Jibu ni 355/113 kamili. Vipimo na idadi ile vilichaguliwa ili jibu litoke, kwani nasibu haiwezi kutoa desimali sita kwa marusho elfu tatu na kidogo. Tunaushauri mfano huu uingie darasani pamoja na vijiti vyenyewe. Punje na vijiti vinafundisha nasibu vizuri sana. Pai vinaifundisha vibaya.

Kalamu na kikokotoo

Hapa wagombea ni watatu: poligoni (umbo la pande nyingi), mfululizo wa Madhava, na kanuni ya Machin.

Poligoni ndiyo njia ya Archimedes, ya miaka kama 2,250 iliyopita. Anza na pembesita iliyo ndani ya duara la nusu kipenyo 1. Upande wake ni 1. Kila ukirudufu idadi ya pande, upande mpya ni √(2 − √(4 − u²)), ambapo u ni upande wa zamani. Idadi ya pande mara upande, gawanya kwa 2, ndiyo pai yako. Pande 6 zinatoa 3. 12 zinatoa 3.105829; 24 zinatoa 3.132629, 48 zinatoa 3.139350, 96 zinatoa 3.141032. Archimedes aliishia kwenye 96 na kubana pai kati ya 3 10/71 na 3 1/7, na huko ndiko ilikotoka 22/7 yetu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anaielewa yote kwa Pythagoras peke yake. Ubaya ni mtego ulio ndani ya kanuni yenyewe. Kadiri u inavyopungua, √(4 − u²) inaikaribia 2, na unapotoa 2 na karibu 2 tarakimu nzuri zinafutana. Kwanza jibu linaboreka, halafu linaanza kuyumba, na ukiendelea kurudufu, kikokotoo au kompyuta inakuandikia sifuri. Kwa namba za kawaida za kompyuta hilo hutokea kabla ya mara ya 30. Dawa ni kuandika hesabu ileile kwa sura nyingine: u ÷ √(2 + √(4 − u²)). Hapo hakuna kutoa kunakoharibu. Hata hivyo njia ni ya polepole, tarakimu moja kwa kila karibu marudufu mawili. Ludolph van Ceulen alifika desimali 35 kwa poligoni na ilimla sehemu kubwa ya maisha.

Mfululizo wa 4 × (1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 + …) ndio unaopendwa na kila anayeanza kuandika programu, kwa kuwa unaingia kwenye mistari mitano. Ukiachwa peke yake haufai kitu: vipande 1,000 vinakupa kosa la 0.001. Lakini Madhava wa Kerala, India, aliyeufahamu karne mbili na zaidi kabla ya Ulaya, hakuuacha peke yake. Katika urithi wa shule yake yamo masahihisho ya kuongeza mwishoni, na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Jumlisha vipande 10 tu: unapata 3.0418396, jibu la kukatisha tamaa. Sasa chukua N = 10 na ukokotoe 4 × (N² + 1) ÷ (4N³ + 5N), yaani 4 × 101 ÷ 4050, ambayo ni 0.0997531. Ongeza. Unapata 3.1415927. Desimali sita sahihi kwa vipande kumi na sahihisho moja. (Vipande vikiwa witiri, toa badala ya kuongeza.) Kwa kipindi kimoja cha dakika 40 na vikokotoo vya kawaida, hii ndiyo tunayoipendekeza.

Ukiwa na vipindi viwili na darasa linaloweza kutunza mistari ya hesabu, Machin. Mwaka 1706 John Machin wa Uingereza alitumia kanuni hii kufika desimali 100:

pai ÷ 4 = 4 × arctan(1/5) − arctan(1/239)

Arctan ya sehemu ndogo (pembe yenye tanjenti hiyo) ni sehemu yenyewe, toa mchemraba wake gawanya kwa 3, ongeza kipeo cha tano gawanya kwa 5, na kuendelea. Uzuri wa 1/5 ni kwamba kutoka kipeo kimoja hadi kinachofuata unagawanya kwa 25, na kugawanya kwa 25 ni kuzidisha kwa 4 na kusogeza nukta. Tufanye kwa nafasi 13:

0.2 ÷ 1 = 0.2000000000000 (ongeza)
0.008 ÷ 3 = 0.0026666666667 (toa)
0.00032 ÷ 5 = 0.0000640000000 (ongeza)
0.0000128 ÷ 7 = 0.0000018285714 (toa)
0.000000512 ÷ 9 = 0.0000000568889 (ongeza)
0.00000002048 ÷ 11 = 0.0000000018618 (toa)
0.0000000008192 ÷ 13 = 0.0000000000630 (ongeza)
kipande cha nane = 0.0000000000022 (toa)

Jumla ni 0.1973955598498. Upande wa 239 vipande viwili vinatosha: 0.0041841004184 toa 0.0000000244166 ni 0.0041840760018. Zidisha jumla ya kwanza kwa 4, toa ya pili, unabaki na 0.7853981633974, zidisha tena kwa 4: 3.1415926535896. Pai halisi ni 3.1415926535898. Desimali 12 ziko sawa, kwa vipande kumi. Ya 13 imepotea kwa sababu makosa madogo ya kukadiria yamezidishwa mara 16 njiani, na ndiyo maana siku zote unabeba nafasi kadhaa za ziada kuliko unazotaka kutangaza.

Wanafunzi hukosea sehemu mbili hapa. Hugawanya kwa namba witiri kisha huendelea na jibu hilo kwenda mstari unaofuata, badala ya kurudi kwenye kipeo chenyewe. Ndiyo sababu tunashauri safu mbili kwenye daftari, ya vipeo na ya vipande. Na husahau kwamba 4 ya mwisho inazidisha pande zote mbili.

Kwenye kompyuta

Jambo moja kabla ya yote: namba za desimali za kawaida kwenye lugha yoyote ya programu zinabeba tarakimu 15 hadi 17, basi. Ukitumia kanuni bora kuliko zote juu ya namba hizo, utaishia desimali ya 15. Kinachotakiwa ni namba kamili ndefu. Chagua n, idadi ya desimali unazotaka, ongeza 10 za ulinzi, na badala ya 1 tumia 1 yenye sifuri n + 10. Kila kugawanya kuwe kwa namba kamili. Mwisho ukate tarakimu 10 za mkiani.

Kwa anayejifunza, Machin kwa njia hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Programu yake haizidi mistari 15, inagawanya kwa namba ndogo tu (25, 57121, na witiri), na ukiwa na lugha ya programu ya Python hata kwenye simu utapata tarakimu 10,000 upesi. Kila tarakimu 100 zinataka vipande kama 72 vya 1/5 na 21 vya 1/239. Ukizidisha tarakimu mara 10, muda unazidi mara 100. Kwa hiyo 100,000 bado inavumilika, milioni inachosha.

Mitego yake tunaijua kwa majina. Ukibeba alama ya kutoa ndani ya kipeo chenyewe, programu ya Python haitaisha kamwe, kwa sababu mgawanyo wa // hushuka chini: −1 // 25 ni −1, si 0, na kitanzi kinachongoja sifuri kitangoja milele. Weka kipeo kiwe chanya daima, alama ikae pembeni. Mtego wa pili ni kwamba kuanzia toleo la 3.11, Python inakataa kugeuza namba yenye tarakimu zaidi ya 4,300 kuwa maandishi. Hesabu inakamilika, kisha kuchapa kunagoma. Andika sys.set_int_max_str_digits(0) mwanzoni. Na ukihitaji kipeuo cha pili tumia math.isqrt, kamwe usitumie math.sqrt, ambayo inakurudisha kwenye tarakimu 15 bila kukuambia.

Kama kifaa chako ni kidogo, mfano bodi ya Arduino UNO R3 kwenye klabu ya elektroniki, Machin ya namba ndefu itakusumbua. Hapo tumia kanuni ya bomba ya Rabinowitz na Wagon ya 1995, inayotema tarakimu moja moja. Inataka safu yenye nafasi 10n ÷ 3 hivi. Kwa tarakimu 100 ni nafasi 334, baiti mbili kila moja, jumla baiti 668. UNO ina 2,048, inaenea. Kwa tarakimu 300 safu peke yake inakula karibu kumbukumbu yote, na haitaenda. Hesabu za katikati ziweke kwenye namba za biti 32, kwa sababu int (namba kamili ya kawaida) ya UNO inaishia 32,767 na ikifurika hutoa takataka zinazofanana na tarakimu. Tena, ikitoka 9 usiichape. Ihifadhi, kwani ikifuatiwa na 10 zile 9 zote hugeuka 0 na tarakimu iliyozitangulia huongezeka moja. Kwenye pai, kuanzia desimali ya 762 zinafuatana 9 sita. Programu isiyojua kusubiri, kama haijaumbuka mapema, itaumbuka hapo.

Sasa wakubwa wawili. Kanuni ya Gauss na Legendre, iliyofufuliwa na Brent na Salamin miaka ya 1970, inarudufu idadi ya tarakimu sahihi kila hatua. Anza na a = 1, b = 1/√2, t = 1/4, p = 1. Kila hatua: a mpya ni wastani wa a na b, b mpya ni √(ab) kwa a ya zamani, t inapungua kwa p mara mraba wa tofauti ya a mbili, p inazidishwa kwa 2. Pai ni (a + b)² ÷ 4t. Hatua ya kwanza inatoa 3.14057, ya pili 3.14159264, ya tatu tayari ina desimali 18. Hatua 25 zinavuka tarakimu milioni 40. Ni tamu mno kuitazama, na kwa tarakimu elfu chache tungeiweka darasani bila kusita. Ila kila hatua, hata ya kwanza, lazima ifanywe kwa urefu wote wa tarakimu unazozitaka. Ukianza na usahihi mdogo ukitegemea itajirekebisha, hairekebiki. Kila hatua pia ina kipeuo cha pili cha namba ndefu, na hicho ni ghali.

Kanuni ya ndugu Chudnovsky, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ndiyo inayotumika kwenye rekodi. Kila kipande kinaongeza tarakimu 14.18. Kipande cha kwanza peke yake, 426880 × √10005 ÷ 13591409, kinakupa desimali 13; jaribu kwenye kikokotoo. Tarakimu 1,000 zinataka vipande 71, milioni vipande kama 70,500. Lakini ukijumlisha kipande kimoja kimoja, hutaiona kasi yake. Inabidi ugawe orodha ya vipande nusu kwa nusu, kila nusu iwe na namba tatu P, Q na T, kisha uziunganishe: P = P1 × P2, Q = Q1 × Q2, T = Q2 × T1 + P1 × T2. Namba zinabaki fupi hadi karibu na mwisho, na kipeuo cha pili ni kimoja tu. Kwa Python tupu kuzidisha namba za mamia ya maelfu ya tarakimu ni kuzito. Ongeza maktaba ya gmpy2, tofauti utaiona wazi. Nusu hizo pia zinaweza kuhifadhiwa kwenye diski kila zinapokamilika, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi hupotezi zote.

Anayetaka mamilioni au bilioni bila kuandika programu achukue y-cruncher ya Alexander Yee, kwa Windows au Linux. Ndiyo iliyotumiwa na Emma Haruka Iwao wa Google kufika tarakimu trilioni 100 mwaka 2022. Bilioni moja inaingia kwenye mashine ya RAM GB 8, na faili lake la maandishi ni GB 1, kwa hiyo angalia nafasi kwanza. Kazi hii inaifanyisha kompyuta juhudi zake zote. Kwenye joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu, safisha vumbi kwenye feni yake kabla ya kuanza, iweke juu ya meza ngumu wala si kitandani, na ianzishe usiku. Mashine iliyochemka kwanza hupunguza kasi yenyewe, na kama RAM yake ni dhaifu inaweza kukosea biti moja na kuharibu kila kitu kinachofuata.

Utajuaje ni zenyewe

William Shanks alikokotoa kwa mkono, kwa kanuni ya Machin, na mwaka 1873 akatoa desimali 707. Watu walizinakili kwa miaka zaidi ya 70. Katikati ya miaka ya 1940 D. F. Ferguson, akitumia kanuni nyingine na baadaye kikokotoo cha mezani, aligundua kwamba desimali ya 528 ina kosa, na zote zinazofuata zimeharibika. Kanuni ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni hesabu ya pili kwa njia tofauti.

Kwa hiyo fanya mbili. Machin pamoja na ile ya Gauss na Legendre, au Machin pamoja na Chudnovsky. Kurudia kanuni ileile kwa programu ileile kunathibitisha tu kwamba kompyuta inarudia kosa lake vizuri. Kwa haraka, linganisha miisho hii, ukianza kuhesabu baada ya nukta: desimali 100 zinaishia 3421170679, desimali 1,000 zinaishia 64201989, 10,000 zinaishia 5678, na milioni moja zinaishia 5779458151.

Kwa rekodi kubwa hutumika pia kanuni ya Bailey, Borwein na Plouffe, iliyogunduliwa 1995, inayoweza kuruka moja kwa moja hadi tarakimu ya mbali bila kukokotoa zilizotangulia. Inatoa tarakimu za msingi wa 16 (pai huanza 3.243F6A88), kwa hiyo hailinganishwi na orodha ya msingi wa 10 moja kwa moja, programu kubwa huhifadhi zote mbili. Kwa kupata tarakimu nyingi mfululizo si ya kuchagua. Kwa kukagua haina mfano.

Majibu mawili yasipolingana, usitazame tu kwamba yanatofautiana; tafuta nafasi ya kwanza yanapoachana. Yakiachana kwenye tarakimu chache za mwisho, nafasi za ulinzi hazikutosha: ongeza kutoka 10 hadi 20. Yakiachana karibu na desimali ya 15, kuna mahali namba ya kawaida ya desimali imeingia, mara nyingi kwenye kipeuo cha pili. Yakiachana katikati, kipande kimoja kimeharibika, na nafasi yenyewe inakuonyesha kipi: kwa Machin gawanya nafasi hiyo kwa 1.4, upate namba ya kipande cha 1/5 cha kuanzia kuchunguza. Kama kiko safi, gawanya kwa 4.76 uende upande wa 239. Na programu moja ikitoa majibu mawili tofauti kwenye mashine moja, acha kanuni, kagua joto na RAM.